Vitafunwa vya Chumvi vya Halloween: Vitishe Mezani, Vinoge Mdomoni

Usiku wa Halloween, tarehe 31 Oktoba, watoto huvaa mavazi ya kutisha na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, kwa hiyo peremende hazikosekani. Zimo mifukoni mwa watoto, zimo kwenye bakuli la mlangoni, na mara nyingi kuna keki inayosubiri zamu yake. Kinachokosekana ni chakula cha chumvi: jibini, mayai, nyama, mboga, kitu ambacho mtu akikila anahisi kweli amekula. Hapa nimekusanya vile ninavyoviamini, pamoja na mpangilio wa kazi ili usibaki jikoni wakati wageni wako sebuleni.

Chakula cha Halloween hutisha kwa alama moja tu, na mara nyingi alama hiyo ni macho. Weka vidoti viwili vyeusi juu ya kitu chochote cheupe, mtu ataona uso. Huhitaji zaidi ya hapo. Ukishalikubali hilo, nguvu zako nyingine zote zipeleke kwenye ladha, kwa sababu mgeni atacheka mara moja akikiona chakula, lakini kula atakula usiku mzima. Kitafunwa kilichopambwa kwa saa 2 halafu kikawa kikavu na hakina chumvi kitaachwa kwenye sahani baada ya kung'atwa mara moja, na jasho lote hilo litakuwa limepotea bure.

Ndiyo maana sishauri rangi za chupa kwenye chakula cha chumvi. Nyama ya bluu haitamanishi, na rangi nyingi huacha uchungu kidogo ulimini. Viungo vyenyewe vina rangi za kutosha. Weusi unaupata kwenye zeituni nyeusi, ufuta mweusi na wino wa ngisi, ambao huchanganywa kwenye tambi au wali na kuleta ladha nzuri ya bahari. Rangi ya chungwa iko kwenye karoti, boga na pilipili hoho. Wekundu uko kwenye nyanya, paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali) na bitiruti. Kijani ni parachichi na spinachi, na zambarau ni kabichi ya zambarau. Kitu kimoja nakisihi ukiepuke: unga wa mkaa unaouzwa kwa ajili ya kutia chakula weusi. Mkaa huo hunasa dawa tumboni na kuzipunguzia nguvu, na huwezi kujua ni mgeni gani amemeza vidonge vyake jioni hiyo.

Upike kiasi gani

Kwa watu 10 hadi 12 aina 5 zinatosha kabisa: mbili za moto, mbili za baridi na dipu moja, yaani kitoweo kizito cha kuchovya. Kama hakuna chakula kingine baadaye, kadiria vipande 8 hadi 10 kwa kila mtu. Kama ni vya kufungulia tu, 4 hadi 6. Ni bora aina 5 zilizokamilika kuliko 10 zilizofanywa nusunusu, kwa sababu muda wa mapambo huliwa na vitu vidogo: kukata miguu ya buibui, kuweka macho, kupangusa kingo za sahani.

Mumia za soseji

Mumia ni maiti ya kale iliyozungushiwa vitambaa, na hapa soseji ndiyo maiti, mikanda ya unga ndiyo bandeji. Hizi ndizo zinazokwisha kwanza, hivyo zipe muda. Kwa soseji 12 unahitaji unga wa ngano gramu 300, hamira kavu kijiko cha chai 1 na nusu, chumvi kijiko cha chai 1, mafuta vijiko vya chakula 2, na maji ya uvuguvugu kama mililita 180. Weka pia haradali, yai 1 la kupaka juu, mayonezi kidogo na ufuta mweusi.

1. Changanya unga, hamira na chumvi, tia mafuta na maji, kanda dakika 8 hadi 10 mpaka donge liwe laini na liache kunata mikononi. Funika, liache liumuke kwa muda wa saa 1 hivi.

2. Wakati unasubiri, shughulika na soseji. Kama ni mbichi, zipike kwanza mpaka ziive ndani kabisa, kisha zipoe. Kama zimeshaivishwa kiwandani, zitoe tu kwenye pakiti. Kwa vyovyote vile, zikaushe moja moja kwa karatasi ya jikoni. Soseji yenye majimaji huulowesha unga kwa ndani, na bandeji zitateleza zote upande mmoja zikiwa ndani ya oveni.

3. Sukuma donge liwe na unene wa milimita 3, kisha kata mikanda yenye upana wa kama sentimita 1. Usihangaike inyooke. Mikanda isiyolingana ndiyo inayofanana na vitambaa vikuukuu.

4. Paka haradali nyembamba sana upande wa ndani wa mkanda, halafu anza kuzungushia kutokea chini ya soseji. Hapa ndipo mikono hukosea. Ukivuta mkanda ukazana, unga utajikunja ukiiva na kukatika, na mumia atatoka akiwa uchi tumboni. Uzungushie ukiwa umelegea, pishanisha mizunguko kwa mshazari, na acha nafasi ndogo ndogo ambapo soseji inachungulia, kwa kuwa unga utafura na kuziba. Karibu na juu, acha pengo la sentimita 1 na nusu kwa ajili ya uso, kisha malizia kwa mzunguko mmoja kichwani. Ncha za mikanda zifiche upande wa chini.

5. Panga kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, paka yai lililopigwa, oka kwa nyuzi 200 za Selsiasi dakika 15 hadi 18, mpaka bandeji ziwe na rangi ya dhahabu na ukigonga zitoe sauti kavu. Oveni yenye feni ishushe nyuzi 20.

6. Macho huwekwa baada ya kuoka, soseji zikiwa zimepoa kidogo. Chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye mayonezi, gusa mara mbili katika lile pengo, kisha dondoshea punje moja ya ufuta mweusi kila doa. Ukitaka mumia aonekane ameshtuka, sogeza punje ziwe juu kidogo ya katikati. Ukitaka awe amechoka, ziweke chini. Usitumie punje nzima za pilipili manga, kwa sababu atakayeitafuna hatakusahau.

Kama kutakuwa na watoto wa chini ya miaka 4, soseji zao zipasue kwa urefu mara nne kabla ya kuzizungushia, na uwatengenezee mumia wembamba. Kipande cha soseji cha duara kina ukubwa wa kuziba koo la mtoto, na sherehe yenye kukimbizana ndipo ajali hiyo hutokea.

Mayai ya tandabui, na mayai ya buibui

Haya ni mapishi mawili kwenye sufuria moja. Yanahitaji subira zaidi kuliko ustadi, na sijui kitu kingine kinachopendeza hivi kwa gharama ndogo ya kazi.

Chemsha mayai 12: maji yachemke kwanza, shusha mayai kwa kijiko taratibu, hesabu dakika 11, kisha yahamishie kwenye maji yenye barafu. Mayai yaliyokaa siku kadhaa humenyeka vizuri kuliko yaliyotagwa jana. Usizidishe muda wa kuchemsha. Ule mduara wa kijani unaozunguka kiini hutokana na madini ya chuma ya kiini kukutana na salfa ya ute yai likipikwa mno, na pamoja nao huja harufu ambayo hakuna pambo linaloifunika.

Mayai 6 yatakuwa tandabui. Katakata nusu ya kabichi ya zambarau, ichemshe kwenye lita 1 ya maji kwa dakika 20, chuja, tia chumvi kijiko cha chakula 1, acha ipoe kabisa. Sasa gonga kila yai kwa mgongo wa kijiko mpaka ganda lipasuke mwili mzima, lakini usiling'oe hata kipande. Zamisha mayai kwenye maji hayo, funika, weka kwenye friji usiku kucha. Kesho yake menya.

Utakachokiona ni mistari ya buluu na kijani iliyokatiza katikati ya weupe, myembamba mahali pengine kama unywele, minene pale ganda lilipoachia zaidi. Maji yalikuwa ya zambarau, yai limetoka la buluu. Rangi ya kabichi hii hubadilika ikikutana na asidi au alikali, na ute wa yai una ualikali kidogo, basi unaisukuma kwenye buluu. Kwa sababu hiyohiyo usitie siki kwenye maji haya: rangi itageuka ya waridi na ganda litaanza kuliwa na asidi. Ukitaka mistari ya kahawia iliyokolea, tumia chai nyeusi nzito iliyotiwa sosi ya soya, kama Wachina wanavyofanya na mayai yao ya chai. Mayai haya yaache mazima, yapange juu ya majani mabichi yaliyokatwa membamba ili yakae kama yapo kwenye kiota, na weka chumvi yenye paprika pembeni.

Mayai 6 mengine yakate katikati kwa urefu. Toa viini, viponde mpaka visiwe na mabonge, changanya na mayonezi vijiko vya chakula 3, haradali kijiko cha chai 1, matone ya limau, chumvi na paprika. Onja, maana hapa ndipo mayai haya yanapoishi au kufa. Rudisha mchanganyiko kwenye mashimo kwa mfuko wa plastiki uliokatwa pembe.

Buibui mmoja hutoka kwenye zeituni moja kubwa isiyo na kokwa. Ikate katikati kwa urefu. Nusu moja inakuwa mwili, na nusu ya pili unaikata vijiti 8 vyembamba vilivyopinda, vinne kila upande. Buibui ana miguu minane, na watoto huhesabu. Zeituni zikaushe vizuri kwanza, la sivyo maji yake meusi yatachuruzika juu ya kiini na kuacha madoa ya kijivu.

Pilipili hoho zenye nyuso

Kuchonga nyuso za Halloween kulianza zamani kwenye tanipu, aina ya mboga ya mizizi, huko Ireland na Scotland. Waliohamia Marekani wakakuta maboga, makubwa na rahisi kuchonga, na boga likachukua nafasi. Pilipili hoho ya rangi ya chungwa ni boga dogo la mtu mmoja, tena linaliwa lote.

Kata kifuniko pamoja na kikonyo chake, toa mbegu, kisha chonga kwa kisu kidogo chenye ncha: macho ya pembetatu na mdomo mwembamba. Mdomo ukiwa mpana, chakula cha ndani kitamwagika. Kama hoho haisimami, kata ukoko mwembamba sana chini bila kutoboa. Jaza kwa wali uliopikwa uliochanganywa na nyama ya kusaga iliyokaangwa na kitunguu, nyanya na bizari nyembamba. Kwa wasiokula nyama, weka maharage mahali pake. Juu tia jibini. Zipange kwenye trei yenye maji kidogo chini, oka kwa nyuzi 190 dakika 25 hadi 30. Ndani kumeshaiva, kwa hiyo unachosubiri ni hoho kulainika na ndani kupata moto kabisa. Zitoe kisu kikipenya lakini kuta bado zimesimama, kwa sababu ukizidisha nyuso hulegea na kuonekana zinalia. Ukiipenda sura hiyo, ni halali yako.

Na ukiwa unachonga boga la mlangoni, mbegu zake usizitupe. Zioshe, zikaushe, zichanganye na mafuta, chumvi na paprika, ziokee kwa nyuzi 160 dakika 20 hadi 25 ukizigeuza mara mbili. Boga lenyewe likishakaa nje na mshumaa ndani si chakula tena.

Ubongo wa koliflawa

Koliflawa nzima inafanana na ubongo bila msaada wa mtu yeyote. Ondoa majani, sawazisha shina ili ikae, ichemshe nzima kwenye maji ya chumvi dakika 8 hadi 10, kisha igeuze kichwa chini kwenye chujio mpaka ikauke kabisa. Changanya mtindi mzito gramu 200, kitunguu saumu na tangawizi zilizopondwa, bizari nyembamba, paprika, juisi ya limau, chumvi na vijiko 2 vya mafuta. Paka koliflawa yote, mpaka kwenye mikunjo. Oka kwa nyuzi 200 dakika 35 hadi 40, mpaka vilele vianze kuungua kidogo. Kuungua huko ndiko kunakoleta ladha, usikuogope.

Damu yake ni bitiruti 1 iliyochemshwa na kusagwa pamoja na mtindi vijiko 4, kitunguu saumu na chumvi. Ifanye nyepesi kiasi cha kumiminika. Usiimimine jikoni. Peleka koliflawa mezani ikiwa na moto, chomeka kisu kikubwa katikati, kisha mimina taratibu wageni wakitazama. Sosi hufuata mifereji ya ubongo yenyewe, nawe simama kabla haijafunika kila kitu, kwani wekundu unaonekana kwa sababu kuna weupe uliobaki. Chakula hiki kinawapendeza hata wale wanaosema hawali mboga.

Mkono wa nyama ya kusaga

Huu ni wa watu wazima wenye moyo. Nyama ya kusaga kilo 1, chenga za mkate gramu 100, yai 1, kitunguu kilichokatwa vidogo, saumu, pilipili manga, chumvi vijiko vya chai 2. Changanya bila kukandamiza, kisha finyanga mkono juu ya trei. Vidole vifanye vinene kuliko unavyodhani inafaa, kwa sababu nyama hunywea. Kucha ni vipande vya kitunguu vilivyokatwa kwenye umbo la kucha na kukandamizwa kidogo. Mfupa wa kifundo ni kitovu cha kitunguu kilichochomekwa upande wa kukatwa. Paka sosi ya nyanya, oka kwa nyuzi 180 dakika 40 hadi 50. Vidole huiva mapema kuliko kiganja, basi vikianza kukauka vifunike kwa karatasi ya foili. Nyama ya kusaga ni lazima ifike nyuzi 71 katikati, kwa hiyo kipimajoto kiingie kwenye kiganja wala si kidoleni.

Makaburi ya kuchovya

Dipu yenye tabaka tatu kwenye bakuli pana. Chini ni maharage yaliyopondwa na saumu, bizari nyembamba na mafuta. Katikati ni parachichi lililopondwa na ndimu, kitunguu, giligilani na chumvi. Juu ni udongo, yaani zeituni nyeusi zilizokatwakatwa mpaka ziwe chenga. Parachichi hubadilika rangi likikutana na hewa, kwa hiyo ndimu isipungue, na ukiliandaa mapema bandika karatasi ya plastiki igusane na uso wake kabisa bila kuacha hewa katikati.

Mawe ya kaburi ni slesi za mkate zilizokatwa na kichwa cha duara, zikapakwa mafuta, zikaokwa kwa nyuzi 180 dakika 8 hadi 10 mpaka zikauke. Yachomeke wageni wakiwa mlangoni. Yakikaa nusu saa hulowa na kuinama. Weka mengine mengi kwenye sahani pembeni, kwa sababu ya kwenye bakuli yataliwa mara moja.

Ukikosa muda wa makaburi, chora tandabui. Mtindi mzito kwenye mfuko uliokatwa pembe, miduara 4 au 5 ya kutanuka juu ya dipu yoyote ya rangi iliyokolea, kisha buruta kijiti cha meno kutoka katikati kwenda ukingoni mara 8. Futa kijiti kila mara.

Mizimu ya viazi kwenye kinamasi

Ireland, ambako sikukuu hii ina mizizi yake ya kale, kuna chakula cha chumvi kilichohusishwa na usiku huu miaka mingi: colcannon, viazi vya kuponda vilivyochanganywa na kabichi au sukuma wiki. Walikuwa wakificha ndani yake pete au sarafu ya kubashiria bahati, na aliyepata pete aliambiwa harusi iko karibu. Kificho hicho kiache kwenye historia, chuma ndani ya viazi huvunja meno. Ila chakula chenyewe kinastahili meza yako.

Chemsha viazi kilo 1 na nusu, viponde vikiwa na moto kwa mwiko au kiponda cha mkono. Usivitie kwenye mashine ya kusagia, wanga wake utageuka gundi. Theluthi moja changanya na siagi gramu 40, viini vya mayai 2 na chumvi, bila maziwa. Sehemu iliyobaki tia siagi, maziwa ya moto na kabichi au sukuma wiki iliyochemshwa ikakatwa ndogo, mpaka upate kijani kilichochafuka vizuri, na uitandaze kwenye bakuli la oveni. Ile theluthi itie kwenye mfuko uliokatwa pembe, ukamulie mizimu juu ya karatasi ya kuokea: kandamiza mfuko chini upate tako pana, kisha vuta juu huku ukilegeza mkono, ncha ijipinde yenyewe. Oka nyuzi 200 dakika 12 hadi 15, pasha kinamasi pembeni, halafu isimamishe mizimu juu yake. Macho ni ufuta mweusi, na mdomo ni kipande kidogo cha zeituni.

Vya haraka, kama mkono mmoja umebaki mtupu: mpira mdogo wa mozzarella (jibini laini jeupe) wenye kipande cha zeituni katikati ni mboni ya jicho, na mishipa yake unaichora kwa kijiti kilichochovywa kwenye maji ya bitiruti. Pizza ndogo zenye mikanda ya jibini iliyopishanishwa ni mumia pia. Ufagio wa mchawi ni jibini iliyochanwa ncha, ikafungwa kwenye kijiti cha mkate mkavu kwa jani la kitunguu. Ufunge dakika za mwisho, kijiti kisilowe.

Kupanga siku

Siku 2 kabla: nunua vyote, oka mbegu za boga na mawe ya kaburi, yahifadhi kwenye chombo kisichoingiza hewa. Siku 1 kabla: chemsha mayai na uyazamishe, saga sosi ya bitiruti, ponda maharage, finyanga mkono wa nyama na uuweke kwenye friji ukiwa mbichi, jaza hoho. Asubuhi ya siku yenyewe: menya mayai, kata buibui, andaa mizimu. Saa 3 kabla ya wageni: kanda unga wa mumia. Parachichi liponde mwisho. Oveni ni moja, kwa hiyo anza na mkono wa nyama, ambao hustahimili kukaa chini ya foili, fuata koliflawa na hoho, malizia na mumia, kwa kuwa hizo ndizo zinazotakiwa zikiwa zimetoka sasa hivi.

Mbele ya kila chakula weka kikaratasi kinachotaja maziwa, mayai, ngano, ufuta au haradali kama vimo. Siagi iliyojificha ndani ya viazi haionekani kwa mtu ambaye maziwa humdhuru.

Ukitaka moshi mezani kwa kutumia barafu kavu, fahamu kwamba ni kabonidioksaidi iliyoganda kwa nyuzi 78 chini ya sifuri. Huunguza ngozi ikiguswa na huumiza vibaya ikimezwa. Iweke kwenye chungu kikubwa chenye maji ya moto kidogo, bakuli la chakula likae ndani yake bila kuchanganyika, dirisha liwe wazi, na kamwe usiifungie kwenye chombo chenye mfuniko, kitapasuka.

Vyenye mayai, mayonezi, nyama na maziwa visikae mezani zaidi ya saa 2, au saa 1 kama joto la chumba limezidi nyuzi 32. Njia rahisi ni kutoa nusu tu kwanza na nyingine kuiacha kwenye friji au kwenye oveni ya nyuzi 90. Sherehe inachangamka upya sahani ya pili ikitokea.

Kilichobaki kirudishe kwenye friji ndani ya muda huohuo. Mumia zipashe kwenye oveni nyuzi 180 mpaka ziwe na moto kabisa hadi katikati, na si kwenye maikrowevu, ambayo huufanya unga kuwa mgumu kutafuna. Zifute macho kwanza, kwa sababu mayonezi ikipata moto hugawanyika na kuacha mafuta usoni, kisha weka mapya zikishatoka.